Mnatuambia Tuzae: Barua ya Wazi kwa Wabunge, Maseneta na Magavana

Kutoka kwa mama wa watoto wawili,
Likoni, Mombasa.

Kwa Waheshimiwa Wabunge, Maseneta na Magavana wa Jamhuri ya Kenya.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: KUPUNGUA KWA UZAZI NA MZIGO WA MALEZI

Nawasalimu kwa heshima zote mnazostahili. Mimi ni karani wa hesabu, umri wangu miaka 37, na watoto wangu ni wawili. Barua hii si ya kwanza. Mwaka 2021 nilimwandikia mwajiri niliyekuwa nikimfanyia kazi wakati huo. Mwaka 2022 niliandikia afisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. Baadaye nilikwenda kwa mwakilishi wadi mara mbili, na mara ya pili nilikaa kwenye benchi nje ya afisi yake tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Nakala za barua zote ninazo ndani ya faili la plastiki, na moja ina muhuri wa buluu ulioandikwa "Imepokelewa". Muhuri huo ndio jibu pekee nililopata. Majina nayaacha, maana nikiyataja mtamshughulikia aliyetajwa, kisha mrudi kulala.

Kilichonileta hadharani ni maneno niliyoyasikia mazishini. Nilikuwa nimekwenda bara kumzika baba wa mwenzangu wa kazini. Mmoja wenu akapewa kipaza sauti. Alipomaliza kutoa pole na bahasha, aligeukia upande walikoketi akina mama, akasema wanawake wa sehemu ile wamelegea. Wenzao kwingine wanazaa, wao wanasoma. Na sensa ijayo itawaumbua, kwa sababu pesa za kaunti na maeneobunge hugawanywa kwa kuhesabu vichwa. Watu wakacheka. Binti wa marehemu, mwenzangu huyo, ana mtoto mmoja. Hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole siku za ruhusa zilizombakia.

Maneno ya aina hiyo nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile, redioni na katika mikutano ya hadhara, na kila mara anayesema ni mwanamume aliyekuja na dereva. Basi naomba mnisikilize, hoja kwa hoja.

1. Hatukuasi. Tulifanya mlichotuomba.

Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa upangaji uzazi mwaka 1967, mbele ya nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Miaka kumi baadaye, utafiti wa 1977-78 ukaonyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8.1 kwa wastani, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Serikali ikashtuka. Zikaja nyimbo na michezo ya redio, mabango ya familia ndogo yenye nyuso za furaha, na wahudumu wa afya wa kupiga hodi nyumba hadi nyumba. Mwaka 1989 wastani ulikuwa 6.7. Mwaka 2003 ukawa 4.9, mwaka 2014 ukawa 3.9, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 umetupa 3.4.

Kwetu namba hizo zina sura. Nyanyangu wa Matuga alizaa tisa, akazika watatu, na hadi leo akiulizwa ana watoto wangapi hujibu tisa. Mamangu alizaa watano. Mimi wawili. Kati ya nyanya na mimi hakuna aliyehubiriwa kuchukia watoto. Kilichoingia katikati ni chanjo, shule, na sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Nyanya alizaa wengi kwa sababu hakujua watabaki wangapi. Hata mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini, 115 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2022 walikuwa 41. Mama akiwa na yakini kwamba mtoto wake ataishi, hana haja ya kuzaa wa akiba.

Na shule. Mamangu alikomea darasa la nne, mimi nina diploma. Utafiti wa 2022 unasema mwanamke ambaye hakwenda shule kabisa huzaa watoto 6.3 kwa wastani, na aliyesoma kupita sekondari huzaa 2.8. Kwa hiyo yule mheshimiwa wa mazishini hakusema uongo: ndiyo, tunasoma, na ndiyo maana tunazaa wachache. Kosa lake ni kulisema kama kwamba amemfumania mtu. Msichana akikaa darasani hadi miaka 18 au 20, hajaolewa na 15. Akiwa na mshahara wake, ana sauti ya kusema "huyu atosha" na asikizwe. Hayo ndiyo mliyoyaahidi katika kila manifesto. Mmeyapata, sasa mnatulaumu kwa matokeo yake.

2. Wastani huo unaficha Kenya mbili.

Ile 3.4 haikai popote. Nairobi ni 2.5, Mandera ni 7.7. Kuna Kenya ambamo mwanamke angependa mtoto wa tatu lakini haoni atamlea na nani, na kuna Kenya ambamo mwanamke hakutaka wa saba lakini hakuulizwa. Ninyi mkisimama jukwaani na kusema "zaeni", mnazisema zote mbili kwa pumzi moja.

Mwaka 2022, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kushika mimba. Samburu walikuwa nusu. Nusu, waheshimiwa, na hao ni watoto wa shule, ingawa sera ya kumruhusu msichana arudi darasani baada ya kujifungua tunayo tangu 1994. Katika wanawake wote walioolewa, asilimia 14 walikuwa wanataka kupumzika au kukoma kuzaa, lakini hawatumii njia yoyote. Anayetaka vichwa vya sensa na awaangalie hao machoni kwanza.

Hivi karibuni nilimsindikiza mdogo wangu zahanati kutafuta kipandikizi cha mkononi. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye subira kuliko mimi, hakutueleza mengi. Alifungua kabati tujionee: boksi moja la kondomu, bunda la kadi za kliniki, na mkasi. "Kanunueni duka la dawa, mkirudi nitamwekea," akasema. Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa 2025, pengo lilionekana wazi zaidi, lakini haki isemwe: kabati lile nimelikuta tupu pia miaka ambayo misaada ilikuwapo. Nchi haiwezi kuweka uzazi wa wanawake wake chini ya rehema za mlipa kodi wa Marekani kwa miaka yote hiyo, kisha ishangae.

Na huyo anayezaa je? Huduma ya kujifungua bila malipo ilipoanza Juni 2013, wanawake waliitikia. Waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 61 katika utafiti wa 2014, na 82 mwaka 2022. Ni kazi nzuri na nawapongeza kwa dhati. Lakini tangu Oktoba 2024 tulipohamishiwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, mama asiye na mshahara wa mwezi anatakiwa awe amesajiliwa na amelipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mchuuzi wa samaki pale kivukoni huhesabu pesa zake kwa siku. Mwaka mzima kwake ni neno la wenye akaunti.

3. Mwanamke anayezaa anaadhibiwa kazini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo panaponiuma.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Ni sheria nzuri yenye tundu moja kubwa: bili yote ameachiwa mwajiri. Matokeo yake mnayajua, au waulizeni binti zenu. Katika maisha yangu nimeitwa mahojiano ya kazi mara saba, na mara tatu nimeulizwa kama nimeolewa na kama "bado naendelea" kuzaa. Ndugu yangu wa kiume hajawahi kuulizwa swali hilo hata siku moja, naye ana watoto watano.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa Januari 2021. Aprili nikarudi kazini, maziwa yamejaa, kifua kinauma. Nikauliza ni wapi naweza kukamulia. Nikaonyeshwa stoo ya karatasi. Haikuwa na kiti wala komeo. Nilikuwa nikikaa juu ya boksi la karatasi za fotokopi, mguu mmoja nimeukaza kwenye mlango usifunguke, kikombe mkononi, na huku nje mtu anagonga: "Dada, karatasi zimeisha!" Maziwa nilikuwa nayatia ndani ya chupa ya chai yenye barafu niliyonunua kwa wauza samaki. Joto la Mombasa la Aprili mnalijua. Kuna siku nilifika nyumbani saa mbili usiku, nikafungua chupa, nikanusa, nikamwaga yote kwenye karo. Mtoto analia, na mimi nalia.

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea pasipo chooni, penye faragha na usafi. Kifungu kinachofuata kinampa mama muda wa mapumziko ya kunyonyesha. Niliviandika vifungu hivyo viwili katika barua yangu kwa mwajiri, kwa adabu, bila tishio lolote. Septemba kandarasi yangu ilifika mwisho na haikufanywa upya. Sina ushahidi kwamba ni kwa sababu ya barua, na sitadai nisichoweza kuthibitisha. Nasema tu kwamba barua ilitangulia.

Nanyi wenyewe mlishatuonyesha mnavyoliona jambo hili. Agosti 7, 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu kulikuwa na dharura nyumbani. Akaamriwa atoke. Siku ile nilikuwa na mtoto mmoja tu, na nakumbuka tuliitazama video ile kwenye simu, wanawake sita tumezunguka meza moja wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyesema kitu. Kama mbunge, mwenye walinzi na marupurupu, hana pa kumweka mtoto ndani ya Bunge la nchi, karani wa hesabu wa kampuni ya Changamwe atapewa nini zaidi ya stoo? Miswada ya kuwalinda akina mama wanaonyonyesha imeletwa bungeni zaidi ya mara moja tangu hapo. Wenye kiti cha kuisukuma ni ninyi.

Tazameni jirani. Rwanda tangu 2016 wana bima ya uzazi. Mfanyakazi huchanga asilimia 0.3 ya mshahara wake na mwajiri 0.3, wanaume na wanawake wote huchanga. Mama akijifungua, mwajiri hulipa wiki za mwanzo, na mfuko ukalipa zilizobaki. Kwa hiyo mwenye kampuni Kigali akimwona msichana wa miaka 26 mbele yake, haoni bili ya miezi. Rwanda hawatuzidi utajiri. Wametuzidi hapo tu.

4. Mtoto anashikwa na nani?

Mtoto wangu alipofika miezi mitatu na nusu nilimpeleka kwenye kituo cha kulelea watoto mtaani kwetu. Naita kituo kwa heshima. Ni chumba kimoja cha mabati, zulia la plastiki, dirisha moja. Siku niliyohesabu walikuwa watoto kumi na wanne na mlezi mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi hiyo kwa moyo safi na kwa shilingi mia moja kwa kila mtoto kwa siku. Watoto walikuwa wamelala, wote, saa nne asubuhi. Mtu aliyewahi kulea watoto anajua kwamba watoto kumi na wanne hawalali kwa pamoja saa nne asubuhi. Nilipomuuliza, hakunificha. Akanionyesha chupa ya dawa ya mafua kwenye rafu. "Ningefanyaje, mwanangu?" akasema. "Mikono yangu ni miwili."

Sikumtoa mwanangu siku ile. Nilimtoa baada ya wiki tatu, nilipopata mtu, na hizo wiki tatu bado ninazo rohoni.

Simlaumu yule mama. Anabeba jukumu la serikali kwa shilingi mia moja. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wako katika sekta isiyo rasmi, na kwao hata ile miezi mitatu ya likizo ni hadithi. Mama wa mboga hurudi sokoni kabla arobaini haijaisha, mtoto akiwa mgongoni au ndani ya katoni chini ya meza. Nanyi magavana mnajenga masoko. Nimeyaona, mazuri, yana paa, vyoo, mahali pa kuegesha magari na kibanda cha askari. Sijaona hata moja mtaani kwetu lenye chumba cha watoto. Wateja na wachuuzi wengi ni wanawake, na mchoraji wa ramani akakumbuka gari.

Huko Quebec, Canada, mwaka 1997 serikali ilianza kugharamia malezi ya watoto hata mzazi akawa analipa dola 5 tu kwa siku. Wanawake wenye watoto wadogo wakamiminika makazini, na kodi zao zikarudi serikalini. Najua Quebec si Kwale. Lakini hatuombi dola tano. Tunaomba chumba chenye madirisha mawili, walezi watatu waliofunzwa, na mtu wa kuja kukagua bila kudai cha chai.

5. Baba.

Sheria inampa wiki mbili. Mume wangu, dereva wa lori la Malaba, alizipata wiki hizo kwenye karatasi. Kwa ukweli alikaa siku nne, tajiri akapiga simu. Sweden walifuta likizo ya mama pekee mwaka 1974, wakaifanya ya wazazi wote wawili. Leo ni siku 480, na katika hizo kila mzazi ana 90 asizoweza kumhamishia mwenzake. Sisemi turuke huko kesho. Ila mkisema taifa linataka watoto, taifa lina wanaume pia.

6. Uzeeni.

Jambo hili halisemwi sana, na nadhani ndilo watu wa vijijini wanaloliwaza zaidi. Watoto wengi walikuwa ndio pensheni. Nyanyangu analelewa na sita waliobakia: mmoja unga, mmoja dawa ya presha, mmoja paa. Mimi nikifika miaka 80 nitakuwa na wawili, pengine mmoja yuko Doha. Serikali ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, na zinapofika nyanya hufurahi kweli. Lakini hufika kwa kuchelewa, miezi ikipandana, na bei ya unga haisubiri. Mwanamke anayeona kwamba uzeeni hatakuwa na pa kushika atazaa wa tano hata kama mwili umekataa. Na aliyezaa wawili kwa kuwatii ninyi, mtamtupa?

Sasa, majibu yenu nayajua, kwa sababu nimeshayasikia.

Mtasema hakuna pesa. Mfuko wa uzazi wa aina ya Rwanda hauombi pesa za hazina, unaomba sheria. Chumba cha watoto sokoni kinagharimu sehemu ndogo tu ya soko lenyewe. Na kama mna pesa za kuwahudumia watoto wengi zaidi mnaotaka tuwazae, basi mna za kuwahudumia hawa waliokwisha kuzaliwa.

Mtasema kila mtoto huja na riziki yake. Naiamini kauli hiyo, nimelelewa nayo. Lakini karo ya shule haijawahi kuisikia.

Mtasema tusipozaa tutaisha kama Wakorea. Hili nalijibu kwa uzito, maana si mzaha. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika wastani wa 0.72, na serikali yao imemwaga fedha nyingi mno kujaribu kuurudisha. Ila tazameni walikoanzia: walimsomesha msichana hadi chuo kikuu, kisha wakamweka katika afisi isiyomwachilia hadi usiku, akarudi nyumbani kukuta kazi zote bado ni zake. Akachagua. Sisi tuko mbali na huko. Tulikuwa milioni 10.9 katika sensa ya 1969 na milioni 47.6 katika ile ya 2019. Hatutakwisha leo wala kesho. Ila njia tunayoifuata ni ile ile, ya kumfungulia binti shule na kumfungia kila kitu kingine. Na msidhani nawauzia dawa ya kuongeza watoto. Hata Sweden, pamoja na siku zao 480, siku hizi wanazaa chini ya wawili. Ninachodai nakidai kwa ajili ya akina mama na watoto walio hai.

Na asitokee kati yenu wa kuwaza njia ya mkato. Romania waliijaribu. Mwaka 1966 mtawala wao, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba na kuzifanya dawa za kupanga uzazi zisipatikane. Mwaka uliofuata watoto wakaongezeka karibu mara mbili. Kisha wanawake wakatafuta vichochoro, uzazi ukaanza kushuka tena, na vifo vya uzazi vikawa vibaya kuliko popote Ulaya. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikaonyeshwa nyumba za watoto waliotupwa, maelfu kwa maelfu. Hao ndio vichwa vya kuhesabu waliopatikana.

Ninachoomba ni hiki. Bunge lirekebishe Sheria ya Ajira ili likizo ya uzazi ilipwe na mfuko wa wachangiaji wote, na mlango uachwe wazi kwa mama wa mboga achangie anachoweza naye apate wiki zake. Vifungu vya 71 na 72 vya Sheria ya Afya vikaguliwe kama leseni za moto zinavyokaguliwa, na ukaguzi uanze na majengo ya Bunge na makao ya kaunti zote 47, matokeo yatangazwe. Magavana, kila soko na kila hospitali mnayoijenga iwe na chumba cha watoto tangu kwenye ramani. Na wale walezi wa vyumba vya mabati msiwafukuze kwa askari wa kaunti, wasajilini, wafunzeni, walipeni kitu. Pesa za upangaji uzazi zitoke kwenye bajeti yetu wenyewe, ziandikwe kwenye mstari wake, zisihamishwe mwaka wa uchaguzi ukifika. Wiki mbili za baba ziwe za kweli. Na mazishini, tafadhali, toeni pole mketi.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya bajeti ijayo kusomwa mwezi Juni. Muhuri ninao tayari, msinitumie mwingine.

Anayetaka kujionea mwenyewe, feri ya saa kumi na moja na nusu alfajiri nami humo, upande wa akina mama wenye mabeseni. Nitarudi naye Likoni nimpeleke kwenye kile chumba cha mabati. Bado kipo, na yule mama bado yupo, siku hizi watoto ni kumi na saba. Asije na msafara. Mlango ni mwembamba, na watoto watakuwa wamelala.

Wenu mwaminifu,

Mama wa watoto wawili,
Likoni.

Nakala: Baraza la Kitaifa la Idadi ya Watu na Maendeleo.